Kanisa Lilipojaa

Mjukuu wangu Yoramu,

Mimi babu yako ni mzima, ila kazi ya kukata miwa huku imenimaliza kiuno. Bibi yako amesema mahindi ya shamba letu la Kitanga yamestawi, nimefurahi.

Umeniuliza ununue spika kubwa au ubomoe ukuta, maana kanisa unaloliongoza limejaa. Umenichosha! Barua nzima ni ukuta na spika, hakuna jina la muumini hata mmoja.

Nilipochaguliwa mzee wa kanisa, nikiwa kijana kama wewe, sisi nasi tulijaa. Kila kikao tulibishana kuhusu matofali ya ukuta mpya. Siku moja nikapita kwa Mama Sabina, aliyetufundisha nyimbo tulipokuwa watu tisa tu. Nikamkuta amekonda.

“Mama, unaumwa?”

“Wiki ya sita hii, mzee wa kanisa. Aliyekuja kunijulia hali ni mbuzi wa jirani, naye alifuata maganda ya ndizi.”

Nikaona aibu. Nikamwomba akipona arudi.

“Nitasali Kagerankanda, kwenye lile kanisa dogo la nyasi. Kule nisipofika, wataona.”

Ukuta tuliumaliza. Yeye hakurudi.

Sasa niandikie: Jumapili iliyopita, nani hakuja?

Babu yako