Shati la Vifungo vya Kike

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu kutoka huku pwani. Natumaini hujambo, na lile goti lako limepunguza ukorofi. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma hapa chini, ila nakuomba uketi kwanza, na kifurushi usikifungue mpaka umalize barua.

Kijiji nilichokuja kupumzishia mgongo baada ya kuinamia cherehani mwaka mzima ni kizuri mno. Mchanga mweupe, maji ya kijani, watu wakarimu. Kitu kimoja tu kilinishangaza: saa sita mchana ufuo huwa mtupu, hata kuku hawaonekani. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba ya wageni, alisema saa hiyo wanapisha watu wapite. Sikuona mtu wa kupita.

Siku ya pili nikaona nyayo mbichi zimetoka majini, zimekatiza uani, zimeingia chumba cha nyuma. Mguu wa kushoto ulikuwa umeburutwa. Za kurudi hazikuwepo. Mama yule alichukua tambara akafuta sakafu huku akiniuliza kama chai imekolea sukari. Nilimjibu, Dada, kwamba imekolea.

Unanijua, mdomo wangu haulali. Nilimbana mpaka akanifungulia kile chumba. Ndani mlikuwa na nguo tu, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimetundikwa. Aliniambia ni za watu waliozivua ufukweni, wakaingia kuogelea, wasirudi. Kijiji hakizitupi wala hakizivai. Zinamsubiri mtu wa kwao. Hadi hapo, alisema, mwenyewe huja kila mchana kuangalia kama bado zipo.

Nikaanza kuzipapasa kifundi, nikitazama mishono. Ya nne ilikuwa shati la buluu, vifungo vyake vimewekwa upande wa kike.

Unalikumbuka. Ndilo shati la kwanza nililoshona maishani, zawadi yangu ya harusi yenu. Mlinicheka hadi machozi, lakini shemeji alinikataza kulifumua, akalivaa hivyo hivyo. Na mguu wake wa kushoto unaujua kuliko mimi.

Dada, miaka minane umemlaani kwa sababu nilikwambia nilimwona akipanda basi na mwanamke. Hakukuwa na mwanamke. Alikuwa peke yake, taulo begani. Aliniomba nikwambie anakwenda kuogelea baharini, atarudi Jumapili. Nilikuwa nimekununia kwa kunigombeza mbele ya wateja wangu, nikataka uhangaike kidogo. Jumapili ikapita. Nikaogopa kuulizwa kwa nini nilinyamaza, na uongo ukanitoka. Hakuna aliyemtafuta. Siku ulipochoma picha zake, mimi ndiye niliyekushikia kiberiti.

Naona aibu kukuomba msamaha kwenye karatasi. Nitakuja mwenyewe Jumapili, unifukuze ukipenda.

Tangu nilichukue shati lile, nyayo haziendi tena chumba cha nyuma. Zinakuja mlangoni kwangu, na jana ziliishia penye meza nilipokuwa nikilifunga kwenye karatasi. Sasa liko kwako, ndani ya kifurushi.

Wasalimie watoto na jirani yako mcheshi. Na mchana ukikuta sakafu imelowa, usipige deki haraka. Mwambie kwanza kwamba ujumbe wake umefika.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi