Gauni la Pasaka la Wifi

Jumatatu, 24 Machi

Sare za kwaya zinaelekea kuisha. Kijani kila kona ya nyumba — leo nimekuta uzi wa kijani hata kwenye chai.

Jioni wifi amekuja kujaribu gauni lake la kwaya. Nililikata kwa vipimo vya kabla hajaanza kuumwa. Limemning'inia. Mume wangu alipomwona dada yake mbele ya kioo, ghafla akakumbuka ana kitu cha kununua dukani. Karudi mikono mitupu.

Wifi kajitazama, kacheka. Eti kumbe miaka yote alikuwa amejificha ndani ya mwili ule, ndiyo kwanza anajiona. Nikamwambia asimame wima, ananiharibia mabega. Nikapiga pini.

Sikukata. Nimepunguza ubavuni, kitambaa cha ziada nimekikunja ndani ya mshono. Akinenepa nitafumua.

Asante Mungu, amekunywa uji mpaka kikombe kikabaki kitupu.

Alhamisi, 3 Aprili

Hospitali, mimi na wifi. Daktari ni dada mpole, kaongea taratibu. Dawa zimefanya zilichoweza, sasa kazi ni kumtunza asipate maumivu. Nikauliza, mpaka lini? Kasema kitu hicho hawawezi kukipima. Mimi kazi yangu ni kupima watu. Nilibaki nimekodoa macho kama nimesahau futi ya kupimia nyumbani.

Nje, mgonjwa ndiye aliyenibembeleza mimi. Halafu kasimama kwa muuza machungwa, kachagua moja moja, kalibonyeza, kalinusa, kalirudisha. Muuzaji uvumilivu ukamwishia.

Njiani kaniambia anataka mambo mawili tu. Asimame na kwaya siku ya Pasaka. Na mjukuu wake abatizwe siku hiyo hiyo, amwone kwa macho yake. Binti yake hana neno, mchungaji kakubali. Haya.

Nimekula machungwa yale usiku huu. Matamu kweli. Nashukuru kwa hayo, mengine siyawezi kwa leo.

Jumapili, 13 Aprili

Mchungaji kahubiri kwamba siku zetu duniani ni chache. Nusu ya kanisa walikuwa wanaangalia saa.

Mchana nimepeleka gauni kwa wifi. Limepwaya tena, nikapunguza tena. Alipolivaa akajishika ubavuni, akauliza humu ndani nimeshona godoro? Nikamwambia hicho ni kitambaa chake, kinamsubiri anenepe.

Kalivua, kanirudishia: "Kikate, wifi. Mtoto hana gauni la ubatizo, na dukani kitambaa hiki kimekwisha."

Nikasema sikati. Akipona nitafumua nini?

"Nikipona utaninunulia kingine, na usiniletee cha bei rahisi. Nisipopona, huko ninakokwenda nimeshashonewa."

Hapo nikawaka. Nikamwambia amekata tamaa, hana imani, sisi tunafunga na kuomba na yeye anagawa nguo zake. Nilipaza sauti kwa mgonjwa. Mimi.

Yeye hakupaza. Kasema imani yangu nimeifungia ndani ya mshono, ndiyo maana naogopa mkasi. Yake haiko kwenye kunenepa. Yake iko kwa Yule aliyetoka kaburini, na huyo hatakufa tena, awe wifi mnene au mwembamba.

Nimeondoka na gauni, bila kuaga.

Jumatatu, 14 Aprili

Cherehani imenikatia uzi siku nzima. Nimeusingizia uzi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ibada ndefu. Msalaba umefunikwa kitambaa cheusi, na mshono wake mbovu, Mungu anisamehe, niliuona. Niliketi nikiwaza: Mama yake alimwona akining'inia pale na hakuwa na cha kufumua. Hakuwa na akiba yoyote popote. Na bado Jumapili ikafika.

Nikatoka kanisani, nikapitia nyumbani kuchukua gauni na mkasi, nikaenda kwa wifi. Sikuomba msamaha. Nilitandaza gauni mezani mbele yake, nikafumua ubavu, nikatoa mkasi. Nikakata upande mmoja. Nikakata na wa pili. Nililia nikalowesha kitambaa. Yeye kaweka mkono mgongoni kwangu, mwepesi mno mkono wenyewe, kasema niangalie nisije nikakata kidole, damu haitoki kwenye kijani.

Tukacheka. Tumecheka Ijumaa Kuu, wanawake wazima.

Nashukuru. Sijui kueleza vizuri. Nimepewa wifi mkorofi, na nimepewa muda wa kugombana naye na kupatana. Wengine hawaupati.

Jumamosi, 19 Aprili

Vipande vya ubavuni vimetosha gauni la mtoto, na mikono yake. Nilidhani vitapungua. Kumbe nilikuwa nimekunja kitambaa kingi namna hii, wala sikujua nilivyoogopa.

Wifi kashinda vibaya. Kila anachoonja kinarudi. Mwalimu wa kwaya kaja kumwambia watamwekea kiti safu ya mbele, aimbe amekaa. Kakubali kiti, ila wimbo wa mwisho atasimama. Mwalimu kanitazama mimi. Nikamwambia aliyesema ni yeye, mimi ni fundi tu.

Mume wangu leo hakwenda dukani. Kakaa miguuni kwa dada yake, kamkata kucha.

Jumapili, 20 Aprili — Pasaka

Naandika nimesimama. Tuko kwa wifi, gari la jirani liko nje na mume wangu ndiye dereva.

Kaamka. Kaoga kwa msaada wa binti yake. Gauni limemkaa sawasawa, bila pini hata moja, na ubavuni ni pepesi. Kajigeuza mbele ya kioo polepole, kasema leo nimeshona.

Mtoto naye kavalishwa, kijani kile kile. Wifi kampakata, kageuza gauni la mtoto ndani nje kukagua kazi yangu, hawezi kuacha. Kafika chini. Kanitazama.

Upindo nimeuacha mpana. Mpana sana. Nilishona hivyo jana bila hata kufikiri.

Nikasema, atakua.

"Hapo sawa," kasema. "Hapo weka godoro."

Kamrudisha mtoto kwa mama yake. Honi inalia. Kashika meza, kaiachia. Amesimama peke yake katikati ya chumba, hajashika kitu, ananiuliza mimi nangoja nini, na mimi namalizia mstari huu. Tunakwenda.