Dawati la Mbele Yangu

Enesia rafiki yangu,

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Nimefaulu. Hapa Hasamba wote wameshajua, wananipongeza njiani, naitikia "asante," basi. Sihisi kitu.

Nimekuwa hivi tangu uondoke. Siku tuliyokuzika niliteka maji, nikaosha vyombo vya msibani, nikarudi nyumbani nikafungua kitabu. Mama akaniambia, "Mwanangu, pumzika." Nikasoma. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Unakumbuka nilivyokuwa nasoma zamani? Nasubiri mtihani ukaribie, halafu napigia mstari kila sentensi nikidhani imeingia kichwani. Wewe ugonjwa wako wa selimundu haukukuruhusu kusubiri. "Sijui lini nitalazwa," ulisema, "kwa hiyo nasoma kidogo kila siku." Tukikaa kwenye mibuni ya kwenu ulininyang'anya kitabu. "Nieleze kwa maneno yako." Nilikwama, ukacheka, ukaninyima jibu mpaka nikalitafuta mwenyewe. Kesho yake uliuliza lile lile. Wiki iliyofuata tena, nikiwa nimeanza kulisahau. Mitihani ya miaka ya nyuma tuliifanya bila kuchungulia, kisha tukasahihishana, na hukunionea huruma.

Ulipolazwa mara ya mwisho nilikuja na maswali ya kemia. Ulijibu mawili, ukasema, "Endelea wewe, mimi nasikiliza." Nikaendelea. Nilipoinua macho ulikuwa umelala. Asubuhi baba yako akatupigia simu.

Siku ya mtihani dawati lako lilikuwa mbele yangu, namba yako imebandikwa juu yake. Msimamizi akaita jina lako. Akaita tena. Nikasema, "Amefariki, mwalimu." Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaita jina langu.

Kwenye biolojia likaja swali la kurithi selimundu. Wazazi wote wawili wamebeba kinasaba cha ugonjwa, wenyewe hawaumwi. Ulishanichorea hilo kwa kijiti, kwenye udongo, ukitumia baba yako na mama yako. "Kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua," ulisema. "Mimi ndiyo nilipata hiyo." Nilichora, nikajaza majibu. Nikaenda swali linalofuata. Hadi leo najishangaa.

Jana nilikwenda kwa mama yako kumpa matokeo. Akapiga kigelegele kimoja, kikakatika. Tukakaa jikoni. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, ule ugonjwa aliupata kwangu?"

Enesia, kumbe amekaa na swali hilo muda wote huu.

Nikamweleza polepole. Kwamba ulitoka kwake na kwa baba yako pia, kwamba hawakuwa na namna ya kujua, kwamba hakuna aliyekosea. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Sasa nimeelewa," akalia sana. Mimi nilimshika tu. Nilitaka kulia naye, machozi hayakuja.

Baba yako amerudi Tunduma kwenye biashara yake, mama yuko peke yake siku nyingi. Mimi sijui nitapangiwa shule gani kidato cha tano. Popote itakapokuwa, likizo ya kwanza gari likinishusha hapa, nitaanzia kwenu. Nitalala siku chache na mama yako, ndiyo niende nyumbani.

Lala, dada. Nimemwahidi yeye, na wewe nakuahidi.

Wako,
Rehema