Mkalimani Hana Maneno Yake

Busiu, Mbale
9 Agosti 1976

Mwanangu Wamboga,

Pokea salamu zetu, wewe na mkeo Nabifo na huyo aliye tumboni. Huku tu wazima, ila goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako anauliza kama unakula vizuri huko Jinja. Mjibu yeye, mimi nimechoka kuulizwa.

Nina shida. Geresom ngariba aliondoka hapa Alhamisi kuja Walukuba kuwatahiri vijana wa Wagisu wenzetu wanaofanya kazi viwandani. Unajua mwaka huu ni wa imbalu, tohara yetu. Alibeba visu vyake viwili na karatasi niliyomwandikia mimi mwenyewe, yenye majina ya wazee sita na namba za nyumba zao, kwa sababu mji haujui. Alisema angerudi Jumamosi. Vijana wa hapa wameshapakwa unga na wanacheza ngoma, na ngariba hayupo. Wewe uko karibu na wakubwa. Uliza.

Barua anakuletea Odero, yule dereva wa lori wa Kisumu. Ukijibu mpe yeye. Za posta siku hizi hufunguliwa.

Baba yako

Walukuba, Jinja
14 Agosti 1976

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Sisi hatujambo. Nabifo miguu imevimba lakini bado ananitania. Mwambie mama nakula.

Sikuhitaji kuuliza. Jumanne nililetewa faili za korti ya kijeshi ninapofanya ukalimani, nikakuta jina la Geresom. Walimshusha kwenye basi pale kwenye kizuizi cha barabarani. Visu viwili na karatasi ya nyumba sita, ikatosha. Wanasema ni orodha ya watu wa kuuawa. Hao wazee sita nao wametoroka, hakuna hata mmoja wa kuulizwa.

Usinielewe vibaya, Baba. Mwezi uliopita guruneti lilirushwa karibu na soko, na Namukose anayetuuzia nyanya sasa ana mkono mmoja, mafundo anafunga kwa meno. Ilipotoka ile amri ya kuwapeleka washukiwa mbele ya askari, bila wakili na bila rufaa, mimi nilisema afadhali. Sasa Geresom ameketi kwenye benchi lile lile. Sijui kama ni mimi niliyekosea siku ile, au ni amri iliyokosea mtu.

Kesi ni tarehe 23. Mimi ndiye nitakayemtafsiria, maana hajui Kiswahili.

Mwanao,
Wamboga

Busiu
18 Agosti 1976

Mwanangu,

Salamu. Afya ipo, amani ndiyo haipo.

Nilipokuwa Keya, jeshi la Waingereza, kule Burma, askari mmoja alilala zamu na Wajapani wako ng'ambo ya mto. Kosa la kupigwa risasi. Hata yeye alipewa ofisa wa kumsemea, akasemewa kutwa nzima. Na hiyo ilikuwa vita. Sisi leo tunashindwa nini?

Karatasi ile ni mwandiko wangu. Nilitaka kuja kuapa, lakini mama yako ameficha viatu vyangu. Kama mimi sifiki, msemee Geresom wewe. Ndiye aliyekutahiri mwaka wa sitini na mbili, na hukupepesa jicho. Najivunia mpaka leo.

Baba yako

Walukuba
26 Agosti 1976

Baba mpendwa,

Natumaini goti limetulia. Nabifo anasalimu.

Visu vyote viwili vilikuwa mezani mbele ya afande mkubwa. Kimoja nilikitambua mara moja, mpini wake umezungushiwa waya wa shaba. Afande akauliza visu hivi vimewapitia watu wangapi. Nilimtafsiria Geresom huku nikimwomba kwa macho aseme kidogo. Lakini unawajua mangariba, hesabu ndiyo heshima yao. Alisimama wima akasema, "Tangu nianze, elfu moja mia mbili na kumi na mmoja. Siku moja niliwamaliza ishirini kabla jua halijapanda. Hakuna aliyelia."

Nikayatafsiri yote, neno kwa neno. Afande aliiandika ile namba, akaipigia mstari.

Nikaanza kueleza kwamba kwetu hii ni kazi ya tohara. Akanikatiza, "Wewe mkalimani, kazi yako tafsiri tu. Hapana eleza." Nikauliza kama mtu wa Mbale anaweza kuja kutoa ushahidi. Akasema mashahidi wa mshtakiwa hawamo kwenye amri. Hukumu ni Jumatano, Septemba mosi.

Mkalimani hana maneno yake, ndivyo nilivyofundishwa. Lakini nikirudi nyumbani Nabifo ananiuliza nimesema nini leo, nami sijui nimpe yangu au ya Geresom. Niambie nifanye nini. Usije.

Mwanao,
Wamboga

Busiu
30 Agosti 1976

Wamboga,

Salamu kwa kifupi, Odero hajazima injini.

Sahau niliyoandika. Nyamaza. Geresom amekula chumvi nyingi, wewe una mtoto anakuja. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyoandika. Nyamaza, mwanangu.

Baba yako

Busiu
22 Septemba 1976

Mwanangu Wamboga,

Salamu, popote ulipo. Nabifo yuko hapa kwetu, na Jumapili amejifungua mtoto wa kiume. Ana masikio yako. Jina hatujampa, tunakungoja.

Geresom alirudi tarehe tatu, na kisu kimoja, cha waya wa shaba. Cha pili walibaki nacho. Watu walimzunguka kumpongeza, na yeye hakuweza kueleza kwa nini yuko huru. Anasema afande alikuwa ameshashika karatasi ya hukumu, wewe ukasimama. Ulisema Kiswahili kirefu ambacho yeye hakukisema. Kisha ukamgeukia ukamtafsiria kwa Kigisu, kama kazi inavyotaka: "Nimewaambia kwamba katika hao elfu moja na mia mbili, mmoja ni mimi. Kama korti inataka kumwona mtu aliyepitiwa na kisu hiki, huyu hapa, anapumua." Ukashika mkanda wa suruali, ukauliza kama wanataka ushahidi zaidi. Maafisa wakacheka, hata yule mkubwa. Wakamwachia mzee pale pale. Wewe wakakwambia ubaki kidogo, uandike maelezo.

Kidogo hiyo leo ni wiki ya tatu.

Sijui kama barua yangu ya tarehe 30 ilikufikia. Kama uliisoma na bado ukasimama, nisamehe. Kama haikufika, nashukuru, na tena nasikitika. Kichwa changu hakitulii mahali pamoja.

Odero alikwenda kuuliza mara mbili. Wamemwambia huna shtaka. Mama yako alifurahi, akatia chai motoni, mpaka nilipomweleza kwamba asiye na shtaka hana siku ya kesi. Geresom alikuwa na shtaka, tukajua tarehe ya kuogopa. Wewe hatujui tuogope lini. Geresom mwenyewe hagusi tena kisu. Vijana wa hapa walitahiriwa na mtu wa kutoka milimani.

Odero anaogopa kubeba barua, na simlaumu. Hii naitia posta, kwa anwani ya korti, kwa Kiswahili cha wazi. Afande utakayeifungua, humu hakuna kilichofichwa. Ukimaliza kuisoma, mpe mwenyewe.

Baba yako