Vitambulisho vya Watu wa Mvureni

Ramisi,
Jumapili, baada ya Alasiri.

Kwa dada yangu Twaiba,
Mkongani.

Dada, shikamoo. Nakuombea amani ya Mwenyezi Mungu na rehema zake, wewe na wote walio chini ya paa lako. Nataraji barua hii itakukuta goti limekupunguzia adhabu na umerudi kuswali bila kiti. Nimesikia mahindi yenu yamebeba vizuri na kwamba nyani wa mwaka huu wana adabu kidogo kuliko wa mwaka jana. Sisi huku kwa mwili hatujambo. Ungeniona njiani ungesema Alfani hana neno. Neno ninalo, lakini nivumilie nilifikie kwa hatua zangu.

Utashangaa kuona karatasi. Mara ya mwisho kukuandikia kwa kalamu nilikuwa bado nasomesha Gazi. Simu yangu haijapotea wala haijaharibika. Nimeizima, nimeitia ndani ya sufuria yenye kifuniko, nikaiweka juu ya kabati. Barua ataileta Winrose, binti wa marehemu Muthoka, yule Mkamba aliyekuwa akikata miwa hapa zamani za kiwanda. Amezaliwa hapa, na akizungumza huwezi kujua kwamba wazee wake walitoka bara. Siku hizi ni afisa wa kaunti, na Jumanne ana kazi kwenu.

Winrose ndiye aliyenitia katika jambo la kwanza ninalotaka kukusimulia. Mwezi wa pili alikuja barazani pangu akasema serikali imeingia ubia na kampuni ya simu na shirika moja la hisani ili kuwafundisha watu usalama wa mtandaoni, hasa wazazi na wazee, kwa kuwa sisi ndio tunaolaghaiwa zaidi. Serikali itatoa ukumbi wa chifu, kampuni itatoa simu za kujifunzia, shirika litatoa vijitabu. Kilichokosekana ni mwalimu ambaye watu watamsikiliza. Nikamwambia nimestaafu. Akasema anajua, ndiyo maana amenikuta nyumbani.

Darasa lilichelewa wiki mbili kwa sababu ya bango. La kwanza lilikuja na nembo ya kampuni kubwa kama sinia na ya kaunti ndogo kama kifungo cha shati, likarudishwa. La pili likaja limeisahau kabisa nembo ya shirika, nalo likarudishwa. Bi Chiku, jirani yangu anayeuza viazi karai njia ya kiwandani, alikuwa amekaa mstari wa mbele tangu siku ya kwanza akingoja kufundishwa. Akauliza hiyo ndoa ina mabwana watatu, je, mpishi ni nani? Ukumbi mzima ulicheka. Japheth, kijana aliyetumwa na kampuni kutoka Nairobi, alicheka baada ya wengine, alipokwisha kutafsiriwa.

Hatimaye bango la tatu likaja, na upande wa kulia palikuwa na uso wangu. Chini yake pameandikwa: Mwalimu Alfani anasema, siri yako ni yako. Limetundikwa ukumbini, na jingine lipo njia panda, na jingine zahanati. Siwezi kwenda kununua chumvi bila kukutana nami mwenyewe.

Kazi yenyewe niliipenda, sitakuficha. Nilikuwa na wanafunzi arubaini na wawili, mdogo wao ana miaka hamsini na moja. Kijitabu kilikuwa na ukurasa unaosema kwamba ukisahau nywila yako, simu itakuuliza jina la mama yako mzazi, kwa kuwa hilo halijulikani na wageni. Nilimwambia Japheth kwamba kufuli hiyo huku si kufuli. Kwetu jina la mama hutajwa harusini na matangani, na watoto wasioweza kuvaa suruali wanalijua. Akaandika maneno yangu, na katika chapa ya pili ukurasa ule ukarekebishwa. Nilijiona mtu mwenye akili. Kumbuka, dada, kwamba niliyasema hayo kwa kinywa changu.

Sasa habari ya Bi Chiku. Wiki tano zilizopita aliitwa kituo cha polisi. Kuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, na laini hiyo ilitumiwa kumlaghai binti mmoja wa Taveta kwa ahadi ya kazi Uarabuni. Binti alitoa pasipoti yake, akapelekwa Nairobi, akafungiwa chumbani siku kumi na moja kabla ya kuokolewa. Bi Chiku hajawahi kumiliki zaidi ya laini moja, na hiyo hupewa vocha na mjukuu. Alimwambia afande kwamba yeye kazi anayoijua ni ya kumenya viazi, na kama Uarabuni kuna kazi angejipeleka mwenyewe. Hawakumfunga, lakini simu yake wakaichukua, na kila Jumatatu lazima aripoti. Anatembea hadi stendi na nguo yake ya Idi, ili, asema, wakiamua kumlaza ndani alale akiwa mtu. Wateja wamepungua. Kuna waliomwita mama wa mawakala. Aliwajibu kwamba wakala gani hula viazi vilivyobaki.

Winrose alilichukulia jambo hili kama la mama yake. Akamwomba Japheth atazame katika kumbukumbu za kampuni jinsi laini ile ilivyosajiliwa. Japheth akaja nyumbani kwangu, kwa heshima, akaniambia, mzee wangu, laini hii ilisajiliwa kwa picha tatu safi kabisa: kitambulisho mbele, kitambulisho nyuma, na Bi Chiku mwenyewe amekishika kitambulisho chini ya kidevu. Akanionyesha ile ya tatu. Nyuma ya Bi Chiku palikuwa na ukuta wa samawati uliobanduka rangi, na kalenda ya madrasa iliyokatika pembe. Japheth akaniuliza kama napatambua mahali pale.

Tulikuwa tumekaa ndani. Ukuta ule uko barazani, na kalenda niliiondoa mwezi wa kwanza mwaka ulipogeuka. Nikamwambia kuta za rangi ile huku ni nyingi.

Dada, nimefika mlangoni. Picha ile niliipiga mimi.

Unamkumbuka Chirau wa mzee Tembo, yule mwana wa jirani aliyekwenda Mombasa mwaka Mvureni yetu ilipozungushiwa seng'enge tukahamishwa? Unamkumbuka pia Chirau aliyekutumia salamu za sauti kwenye simu yangu siku ya Idi, ukalia. Alijiunga na kundi letu la Watsapu la watu wa Mvureni mwaka jana. Unajua desturi yetu. Mtu wa Mvureni akikutana na mwenziwe hutaja mama yake, na mama wa mama yake, na upande wa kisima lilipokuwa shamba lao. Asiyeyajua si wetu. Ayajuaye hahojiwi tena, kwa kuwa kumhoji ni kumtukana mama yake. Chirau aliyataja yote bila kukosea, na zaidi ya hayo akataja jina la mbuzi wetu mweupe. Nani angemhoji?

Lakini kundi lile lilipofunguliwa, sote sitini tuliandika mama zetu, bibi zetu na mashamba yetu, tukifurahi kama watoto, na mlango ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetumiwa kiungo. Mbuzi mweupe nilimwandika mimi. Kumbe nilikuwa nimejibiwa kwa maneno yangu mwenyewe, nami nikayapokea kama ushahidi.

Tena aliniuliza. Hilo ndilo nataka ulielewe kabla hujanilaumu, kisha nilaumu. Aliniuliza kisima cha Mvureni kilikuwa na ngazi ngapi. Miaka hamsini na minne nimekaa Msambweni, Gazi, na sasa hapa. Nimesomesha, nimeoa, nimezika, na hakuna mtu aliyepata kuniuliza kisima kilikuwa na ngazi ngapi. Watoto wangu wakisikia Mvureni huona hoteli na uwanja wa gofu. Nilimjibu kurasa na kurasa. Jioni zote za mwaka jana nilikuwa na mtu wa kurudi naye nyumbani.

Basi aliposema kuna wakili anakusanya orodha ya waliohamishwa ili majina yetu yaandikwe mahali, angalau yaandikwe, na kwamba kila mtu apigwe picha na kitambulisho chake, sikusita hata dakika. Nilizunguka na simu. Wengine waliita watoto wao wakauliza, nami nikawaambia watoto hao wasiwe na shaka, mwalimu yupo. Watu thelathini na saba, dada, na Bi Chiku mmoja wao. Picha zao zote nilimtumia mwezi wa kumi na mbili.

Baada ya Japheth kunionyesha picha ile, nilipokuwa darasani nasoma ukurasa wa watu wanaojifanya jamaa, nilirudia mstari mmoja mara tatu, wakadhani ni sukari, wakaniletea maji. Siku ya pili yake nilikwenda Gazi kwa Sanga, binamu yake Chirau. Alinitazama kwa huruma. Akasema Chirau alikufa mwaka wa tisini na nane, na yeye Sanga aliushika ubao kaburini.

Nilimwandikia yule mtu nikamwambia nimemjua. Alinijibu kwa adabu ile ile, akiniita kaka. Alisema anayo sauti yangu, ile niliyomtumia nikisema wote wameridhia, na nikimtaja naye atanitaja kwamba niliwauza wenzangu, na tuone bango la njia panda litasema nini. Kisha akataka jingine. Jumatano hii wanafunzi wangu watakuja na nakala za vitambulisho ili waandikiwe vyeti, na nakala hizo nitazikusanya mimi. Alijua siku. Alijua idadi. Bila shaka nilimwambia mwenyewe, wakati bado nikimweleza kila kitu. Akasema nikimtumia hizo ataniacha. Ndipo nilipoitia simu ndani ya sufuria. Sikutuma, Mungu ni shahidi. Lakini sikusema pia. Nikisema, darasa litakufa, na wote watatu walioingia ubia watakimbilia bara kuchapisha bango lisilo na uso. Nisiposema, Bi Chiku anavaa nguo ya Idi kila Jumatatu. Nimekaa katikati ya hayo mawili wiki tatu, nikila chakula na kujibu salamu.

Hata hivyo si vitisho vyake vilivyonifunga zaidi. Jumatatu iliyopita Bi Chiku aliniomba nimsindikize kituoni, mimi niwe shahidi wake, kwa kuwa ni mwalimu wa mambo hayo. Tukakaa benchi moja. Afande akamuuliza tena, kwa upole, kama amewahi kumpa mtu yeyote kitambulisho chake akipige picha. Bi Chiku alijibu hapana, hakumpa mtu. Alijibu akinitazama mimi.

Tulirudi pamoja mpaka kwake. Pale mlangoni akaniambia, mwalimu, mimi ni mzee, nimesahau mengi, nawe usinikumbushe. Akasema darasa lile linawasaidia watu. Mwenziwe mmoja juzi alikata simu ya tapeli katikati ya sentensi, akajiona malkia. Akasema yeye kwenda kuripoti si kazi, ni matembezi, na viazi havijui siku. Halafu akanifungia sahani ya viazi nikale nyumbani.

Anajua. Amejua siku zote, na amenifadhili kwa jina lake. Niliila sahani ile yote, dada. Hilo nalo niliandike.

Kesho Jumatatu nitakwenda naye tena. Atadhani nimekwenda kuwa shahidi. Nitaichukua simu pamoja na sufuria, na daftari lenye majina thelathini na saba na tarehe, nami nitaanza kusema kabla hajaulizwa kitu, kwa kuwa nikimwacha atangulie atasema uongo mwingine kwa ajili yangu. Winrose hajui bado. Atajua kabla ya kukuletea barua. Ikiwa hataileta yeye, ataileta mtu mwingine, na hutakuwa na haja ya kuuliza kwa nini.

Sasa lako. Kitambulisho chako ni cha kumi na mbili katika daftari. Ulikuja wakati wa matanga ya Halima, nikakupiga picha mbele ya ukuta ule ule, ukasema usipigwe hivyo na ushungi umekaa upande. Nenda na mwanao kwenye duka la kampuni ya simu uulize ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako, na usiyoijua ifungwe. Usingoje kesho yake. Na mtu akikupigia akakutajia mama yetu, na bibi yetu, na kisima, mkatie, hata kama sauti ni yangu.

Sijui kesho nitalala wapi. Afande anaweza kuniambia nirudi nyumbani, au anaweza kunionyesha mlango mwingine. Ukisikia nimezuiwa najua utataka kuja mbio na goti lako. Njoo, lakini usianze kwangu. Anza kwa Bi Chiku. Kaa naye jikoni, mmenyee viazi, na akikwambia kwamba mimi sikufanya kitu, usimwamini.

Nisalimie watoto na wajukuu, mmoja mmoja kwa majina yao, na shemeji umwambie namwombea. Waombe msamaha kwa niaba yangu wale wa Mkongani walio katika daftari, mpaka nitakapoweza kuja kuwaomba mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Alfani.