Ukuta Tifutifu

Kwa kaka yangu Olebile,

Pokea salamu za mdogo wako, na kabla hujauliza, mvua imenyesha. Mtama umeshika vizuri, mbuzi wa mjomba Gaolatlhe wamezaa mapacha, na mjomba mwenyewe bado anabishana na kila anayepita mbele ya lango lake. Natumaini wifi Kelebogile hajambo, na kwamba watoto wanakua huko pwani bila kusahau lugha yao. Goti lako nalo linaendeleaje na baridi? Mimi nipo, naamka, natembea, nakula kidogo.

Najua umekasirika. Uliponikatia simu nilibaki nimeishikilia sikioni kama mjinga, nikidhani utarudi. Maneno yako ya mwisho yalikuwa, "Umeacha nyumba ya mama yangu ivunjwe, halafu unaniuliza habari za watoto?" Jibu langu ni refu kuliko simu, ndiyo maana naandika. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho, hata kama utaisoma umesimama kwa hasira.

Nyumba unaijua. Mama aliijenga alipoacha kazi ya mgodini, ile ya kuponda mawe kwa nyundo na kuchambua nyuzi za buluu zilizomo ndani yake. Kuta alizikandika kwa udongo uliochanganywa na vumbi la kile kilima cha mabaki ya mgodi, kama walivyofanya wanawake wote wa Ga-Motlhware. Walilipenda vumbi lile kwa sababu lilifanya ukuta uwe laini, usipasuke kwa jua, na upokee vidole. Wewe ndiye uliyemkanyagia udongo, suruali umeikunja hadi magotini. Kisha akachora kwa vidole vyake ile mistari ya mawimbi, kuzunguka chumba kizima, kuanzia sakafuni hadi pale mkono wake ulipoishia.

Tulipokwisha kumzika Mama ukarudi kazini, nami nikabaki humo peke yangu. Yaliyofuata sikukueleza, maana ungesema nimechanganyikiwa. Mistari ilianza kupotea. Nilikuwa nafagia asubuhi, na jioni nikakuta chini ya ukuta unga mwepesi, kijivu chenye ubuluu, kama umesagwa. Nilisikia na mkwaruzo, mchana kweupe, nikiwa nakoroga uji, kana kwamba kuna mtu anakuna ukuta kwa kucha kutoka upande wa pili. Nikitoka nje kuangalia, hakuna mtu. Shangazi Mmaphefo akasema Mama anadai kitu chake. Tukachinja mbuzi, tukapika pombe ya mtama, tukamwita kwa majina yake yote. Mkwaruzo haukukoma.

Halafu akaanza kuja mwenyewe.

Jua la adhuhuri lilipoingia mlangoni lilisimama katikati ya chumba kama nguzo, na ndani ya mwanga ule palikuwa na mtu. Mwembamba, anametameta, amesimama vile Mama alivyokuwa akisimama kungoja chungu kichemke. Nikipita karibu yake, anasogea. Nikimpungia mkono, anatikisika mwili mzima. Kaka, sikuogopa. Nilipata furaha ambayo naona haya kuiandika. Nikawa napanga kazi zangu ili adhuhuri inikute ndani. Nilimsalimu, nikampa habari zako, nikaketi miguuni pake na bakuli langu la uji wa bogobe. Siku nyingine niliweka vidole vyangu kwenye mifereji ya vidole vyake ukutani nikaifuata polepole. Ilimomonyoka chini ya mkono wangu, na nilipogeuka nilimkuta kwenye mwanga amenenepa kidogo. Nikadhani amefurahi kuguswa.

Basi wakaja watu wa serikali kukagua nyumba. Walituita shuleni. Mkubwa wao alikuwa mama wa Kikaburu aitwaye Hester, mpole, mwenye uso uliochomwa na jua, akizungumza Kiingereza, na mwalimu Mogorosi akitutafsiria. Mambo yalikwenda vizuri mpaka yule mama alipotaja neno moja refu ambalo Mogorosi hakulijua. Akamwomba alieleze. Hester akanyoosha mkono, akafumba ngumi, akasugua vidole, akasema ni kitu ambacho kikiwa kikavu ukikifinya kwa mkono tu kinakuwa unga.

Mjomba Gaolatlhe akaruka kwenye benchi. "Aa, mwalimu, unahangaika na nini? Hiyo si ndiyo tifutifu!"

Mogorosi akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Akatutangazia kwamba serikali imepima kuta zetu, na imeziona kuwa ni tifutifu.

Unajua neno hilo lilivyo kwetu. Baba alipokuwa akiinama shambani, akaokota bonge la udongo, likavunjika lenyewe kiganjani, akasema tifutifu, siku hiyo nyumbani watu walikula wakicheka. Ni neno la mwaka mzuri. Basi darasa zima likapiga makofi. Hester akatutazama mmoja mmoja. Sijapata kuona mtu mzima akiduwaa namna ile. Wazee wakamshukuru, akina mama wakampigia vigelegele, naye akawa anatikisa kichwa na kusema jambo ambalo hakuna aliyelisikia kwa kelele.

Mjomba alinitania njia nzima. "Seipati, umesikia? Nyumba yako ina rutuba. Hebu panda mume humo tuone kama hataota!" Nikamwambia apande yeye meno kwanza. Tulicheka mpaka tukasimama kupumua. Alipofika kwangu akachota ule unga chini ya ukuta, akajaza kofia yake, akaenda kuumwaga kwenye tuta lake la maboga.

Hester hakuridhika na makofi yale. Alianza kupita nyumba kwa nyumba pamoja na Mogorosi, na kwangu walifika adhuhuri. Niliwakaribisha ndani. Mama alikuwa amekwisha kuja, amesimama mahali pake. Sikutaka kumficha, na kusema kweli nilitaka mtu mwingine amwone, nisije nikawa ni mimi tu. Nikamwambia Mogorosi, "Mwambie huyu ndiye mama yangu."

Mogorosi hakutafsiri. Hester alikuwa ameshautazama ule mwanga, na rangi ikamtoka usoni. Alimwona, Kaka. Alimwona kama nilivyomwona mimi. Akanishika mkono bila kuomba ruhusa, akanitoa nje, wala hakuniachia mpaka tulipofika langoni. Akaongea polepole, na Mogorosi akatafsiri akiwa ameinamisha kichwa.

Alisema kinachometameta mle ndani si mtu. Ni nyuzi za mgodi, zilezile alizochambua Mama, nyembamba kuliko unywele, zikipeperuka. Zikikaa ndani ya jiwe hazimdhuru mtu. Zikiwa kwenye kitu kinachovunjika kwa mkono zinatoka, unazivuta pumzi, na zikishaingia kifuani hazitoki tena. Ndiyo maana ya neno lile refu, na kwa ajili hiyo walikuwa wametuita shuleni. Mkwaruzo niliousikia ulikuwa ni plasta ikijiachia.

Mogorosi akanitazama machozi yakimlengalenga. "Dada, neno lilikuwa sahihi. Ni lilelile. Sikujua kwamba linaweza kugeuka."

Nilimjibu kwamba hakuna ambaye angejua. Mjomba naye alipopata habari alikwenda akaketi kando ya tuta lake, akiyatazama maboga yake kama mtu anayetazama mbwa aliyemng'ata. Siku hiyo hakubishana na mtu.

Siku ya kuvunja walikuja wanaume waliovaa mavazi meupe kutoka utosini hadi miguuni, nyuso zimefunikwa, hata huwezi kumjua nani ni nani. Watoto walikimbia wakilia kwamba wafu wamekuja. Kwanza walinyunyizia kuta maji ili vumbi lisiruke. Kaka, sikiliza sasa. Maji yalipoingia, ukuta ukawa mweusi, na ile mistari niliyodhani imekwisha ikajitokeza yote, kuanzia sakafuni hadi pale mkono wake ulipoishia, mibichi, kana kwamba Mama ametoka muda huu kwenda kunawa. Paa na mlango vilikuwa vimeshaondolewa, mwanga umejaa ndani, na mimi niliona kutoka langoni. Nilipiga kelele wangoje. Wakangoja, wale watu weupe, wamesimama na mabomba yao, hakuna aliyenihimiza. Nilitazama mpaka jua likaanza kuukausha ukuta na mistari ikaanza kufifia tena. Ndipo nikawaambia waendelee. Kwa hiyo ulichosema, kwamba niliiacha nyumba ivunjwe, ni kweli. Mimi ndiye niliyetoa neno.

Walifukia kila kitu, hata kitanda changu na kapu la ushonaji la Mama, wakaweka udongo wa mbali juu yake na uzio kuzunguka. Mimi wamenipa nyumba mpya ya matofali ya saruji. Adhuhuri jua linaingia mlangoni, linafika sakafuni, hakuna kitu ndani yake. Hujui mwanga mtupu ulivyo mzito. Nimejikuta nikiusalimu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikupigie simu siku ile, nikaanza na habari za watoto kwa kukosa pa kuanzia, nawe ukakata kabla sijalifikia. Kila aliyelala kwenye nyumba za namna ile aliitwa akapigwe picha ya kifua. Mimi nilipelekwa hadi hospitali ya Kimberley. Kukohoa nilikuwa nakohoa tangu kabla ya ukaguzi, lakini nilidhani ni huzuni. Daktari alinitoboa ubavuni, akachukua kipande kidogo cha ngozi ya ndani inayofunika pafu. Alipokuwa akinieleza alichokiona, nesi wa kwetu alikuwa akitafsiri. Alisema kipande kile hakikushikika vizuri, kila walipokigusa kwa koleo yao ndogo... Hapo akawa anatafuta neno. Alikuwa msichana mwenye huruma, akanitazama, akatazama dirisha.

Nikamsaidia. Nikasema, "Tifutifu."

Akasema, "Ndiyo, mama. Ndivyo daktari anavyosema."

Hawakuniahidi kitu. Wamenipa dawa za maumivu na za kupumulia, na nesi anapita kuniona. Usiache kazi kwa ajili yangu, mjomba yupo, na Mmaphefo analala kwangu. Hilo si ombi langu.

Daktari aliniuliza ni nani mwingine aliyeishi kwenye nyumba ile. Nikamwambia ni kaka yangu, ndiye aliyekanyaga udongo wa kuta zile, akalala kichwa chake kikiwa ukutani mpaka alipokuwa mwanamume. Akaniuliza kama unakohoa. Nikamwambia sijui, kwa sababu wewe ukiugua huwa unanyamaza, na siku hizi umeninyamazia kabisa. Olebile, nimewapa jina lako. Wameliandika, na wanasema hospitali yoyote huko pwani itakupokea ukiwaambia umetoka Ga-Motlhware na kwamba mama yako alifanya kazi mgodini. Nenda. Endelea kunikasirikia ukitaka, lakini nenda, kisha uniambie kweli walichokuambia.

Mpe wifi mkono wangu, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mjomba anasema maboga ameyang'oa, sasa anabishana na mbuzi. Mmaphefo anakusalimu mara nyingi.

Ni mimi dada yako, ninayengoja simu yako,

Seipati