Fundi Saa, Kompyuta na Posa Yangu

Ijumaa, 3 Novemba 2006

Wamegombana tena. Ami Ghalib na Sufian. Tumetoka msikitini tu, watu hata viatu hawajamaliza kuvaa, wao tayari wanapigiana kelele mlangoni mwa mkahawa. Wachina wanapita wanatutazama. Aibu niliyoipata mimi, basi tu.

Ugomvi ni ule ule. Kiungo gani bora — Fundi Saa wa miaka ya sabini, au huyu Kompyuta wa siku hizi? Mmoja aliacha mpira kabla mimi sijazaliwa. Mwingine yuko Dar es Salaam na wala hajui kama sisi tupo duniani. Lakini watu wazima wawili wanataka kushikana mashati Guangzhou!

Ami anasema Kompyuta ni mchezaji wa magazeti. Akipiga chafya, ukurasa wa mbele. Akiumwa kidole, picha ya kidole. Eti angezaliwa Unguja asingeandikwa hata kwa chaki kwenye ubao wa maskani. Sufian ni mtoto wa Ilala, hakubali. Anasema magazeti yanaandika kinachoonekana, na mechi za Kompyuta zipo kwenye video, anayetaka ajionee.

"Fundi Saa yuko kwenye video gani, mzee wangu?"

"Yupo hapa!" Ami akajipiga kifuani mpaka kalamu ikaruka mfukoni.

Sasa hapa niseme ukweli, maana hakuna anayesoma. Ami hajawahi kumuona Fundi Saa. Alikulia Wete, na mechi zilikuwa Unguja mjini. Alimsikia redioni tu. Lakini ukimsikia anavyosimulia, utaapa alikuwa mshika kibendera.

Kwa nini naandika upuuzi huu? Kwa sababu Sufian anataka kuleta posa. Na tangu baba afariki, walii wangu ni Ami. Akisema hapana, ni hapana. Na leo njiani, tumebeba mifuko ya mboga, ametamka bila kuulizwa: mtu asiyemheshimu Fundi Saa hawezi kumheshimu mke.

Sijui kama anajua. Nimeangalia mchicha.

Nampenda Sufian. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 4 Novemba

Shahe, soko la nguo. Nilikwenda kumtafsiria mteja wa Ami, mabegi na blauzi. Sufian nimemkuta katikati ya njia na belo la nguo begani, jasho linamchuruzika, anawapisha akina mama wa Kichina kwa heshima zote kama yuko sebuleni kwa watu. Ndiyo maana nampenda. Wengine pale wanakanyaga watu.

Nikamwambia: shindwa. Mara moja tu. Mwambie Ami Fundi Saa ndiye bora, yaishe.

Akaweka belo chini. "Niongope?"

Ndiyo.

"Kwenye jambo kubwa kama hili?"

Wanaume! Kuhusu bei anamdanganya kila laoban, kila mwenye duka, wa Shahe, mpaka mama yake mzazi kamsingizia ugonjwa mara tatu mwaka huu ili apunguziwe. Lakini Kompyuta, hapana, hapo ana msimamo.

Hata hivyo ana habari. Amepata mshenga! Mzee mmoja wa Tanga, mteja wake, amekuja kununua jinzi. Sufian hapa hana baba wala mjomba, na Bi Mwanakhamis, mke wa Ami, alishasema zamani kwamba nyumbani kwake posa inaletwa na mtu mzima mwenye kanzu. Ya simu hapokei. Basi huyo mzee amekubali. Jumatano wanakwenda Xintang viwandani, wanataka niwatafsirie. Nimwone, na yeye anione.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Bi Mwanakhamis kaniuliza nimeokota nini.

Jumatano, 8 Novemba

Siku hii! Niianzie wapi?

Mzee Zubeir. Mfupi, mpole, kofia ya kiua, goti la kulia bovu. Anakagua zipu moja moja, anaipandisha na kuishusha, ananitazama kwa huruma kama vile mimi ndiye niliyeishona. Maji ya mfereji nje ya kiwanda ni ya buluu. Laoban ni mama mmoja hodari, hainui hata macho. Kila nikimuuliza saizi kubwa anajibu "mei you", hakuna, na nyuma yake zimejaa hadi darini.

Mchana Sufian kaingia ndani na laoban kusimamia ufungaji. Mimi na mzee tukakaa uani kwenye vigoda, tukala mayai ya kuchemsha niliyobeba. Vijana wa kiwandani walikuwa mapumzikoni, wamesimama duara wanachezea kile kimpira chao cha manyoya, wanakipiga kwa miguu kisianguke. Kikaja upande wetu. Mzee akainuka, akaweka kofia sawa, akatupa mguu — akakikosa kabisa! Kikamwangukia begani. Vijana wakamshangilia. Akarudi kwenye kigoda ameshika goti, anacheka.

Nikamuuliza, kumchangamsha tu, kama zamani alicheza mpira.

"Kidogo. Unguja. Redioni walikuwa wakiniita Fundi Saa."

Yai likanipalia! Alinigonga mgongo mpaka vijana wakaleta maji ya moto.

Nikamwambia, mzee, wewe ni jina kubwa, nyumbani kwetu unatajwa kuliko mvua. Akatikisa kichwa. Nilichoambiwa baada ya hapo nakiandika alivyokisema, nisije nikajidanganya kesho.

"Miye nilikuwa mchezaji wa kawaida, mwanangu. Mzuri kidogo siku za mvua. Lakini mtangazaji alikuwa kamuoa dada yangu."

Eti akipata mpira, sauti ya shemeji inapanda. Akiupoteza, shemeji anaanza kuisifu hali ya hewa. Pasi akitoa mwingine, imeanzia kwake. Kuna mechi alilala nyumbani na malaria. Majirani wakaja jioni kumpongeza kwa pasi mbili alizotoa.

Nikacheka mpaka machozi. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nani angenisikiliza? Watu wananisimulia mchezo wangu vizuri hivyo. Mwisho na miye nikaanza kuamini."

Nikauliza nani hasa alikuwa fundi. Hapo hakucheka. Akasema Alphonce. Kijana wa bara, alikuwa akifanya kazi bandarini, namba nane. Huyo alikuwa anaona uwanja mzima. "Dada zake wote walikuwa Tabora. Hakuna aliyeolewa na redio."

Uso wake ulibadilika alipolitaja lile jina. Nikatamani nisingeuliza.

Mara Sufian akatoka, kajaa vumbi la buluu hadi kwenye kope, anapiga kelele kwamba mabelo yote yamefungwa, na Jumapili posa! Mzee akaniambia polepole asingependa kumdanganya mtu. Lakini kama hakuna atakayemuuliza, hatasema yeye ni nani.

Hakuna atakayemuuliza! Kwa Ami Ghalib!

Alhamisi, 9 Novemba

Nimempigia Sufian, nikamwambia mshenga wake ni nani. Akauliza: "Yule? Anavyotembea vile?"

Nikamweleza na habari za shemeji. Kosa langu. Amepiga yowe mpaka nikaondoa simu sikioni. "Nimeshinda! Muzdalifa, nimeshinda!"

Nikamwambia, ukifungua mdomo Jumapili umeshinda ubishi na umenikosa mimi. Chagua.

Akasema amechagua, lakini inauma. Nimemwambia iume tu.

Ijumaa, 10 Novemba

Bi Mwanakhamis amemweleza Ami habari za posa. Amekubali kumpokea mshenga Jumapili baada ya alasiri. Kumpokea tu! Hajasema lolote zaidi. Kauliza jambo moja: mshenga huyo ni shabiki wa nani?

Jumapili, 12 Novemba

Naandika jikoni, juu ya ndoo ya mchele. Mwali haruhusiwi kuonekana posa ikisemwa. Bi Mwanakhamis kabana sikio kwenye mlango, mimi nilikuwa nyuma yake, akinirushia kiwiko kila nikisogea.

Wameingia. Mzee Zubeir kanzu nyeupe, Sufian kanzu ya kuazima, fupi, soksi zinaonekana zote mbili. Sambusa zimepelekwa. Salamu, hali za nyumbani, bei ya kontena, salamu tena. Barua ya posa imewekwa mezani.

Ami akauliza mzee wa wapi. Tanga. Asili? Unguja, Miembeni. Zubeir yupi wa Miembeni? Jamani, Ami, kula sambusa! Mzee akakohoa. Akasema zamani watu walikuwa wakimwita Fundi Saa.

Kiti kikaanguka.

Bi Mwanakhamis anasema Ami amesimama, amemshika mzee mikono yote miwili, haiachii. Ami analia! Ami, aliyezika kaka yake, baba yangu, bila chozi mbele za watu. "Bwana we, Fundi Saa nyumbani kwangu!" Barua ya posa hakuna mwenye habari nayo. Chai imemwagika juu yake.

Kisha akaanza. Ile pasi ya fainali. Anaitangaza yote, kwa sauti ya redio — "Fundi Saa, anautuliza, anautazama, majira yamefika!" — na Sufian anakohoa kikohozi cha uongo. Najua anaumia. Mungu amjalie, kakaa kimya.

Mzee akajaribu kurudi kwenye posa. Akaanza kumsifu Sufian. Hakosi swala. Hana ulevi. Mpole, mchapa kazi, mkweli, mama yake anamwombea usiku na mchana. Alimsifu vizuri! Hata mimi nikatamani kukutana na kijana huyo.

Ami akauliza, umemjua tangu lini?

Nikasikia mzee anakoroga chai.

Ami akacheka. Akasema, mshenga gani hasifu, endelea tu, unatangaza vizuri kama yule mtangazaji wako.

Kumbe hilo ndilo lililomchoma. Nimesikia kikombe kikiwekwa chini. Mzee Zubeir akasema, "Ghalib, yule alikuwa shemeji yangu." Na akasema yote. Hali ya hewa. Malaria. Pasi mbili akiwa kitandani.

Nilitegemea Ami agombe. Hakugomba. Bi Mwanakhamis ameacha mlango, ameshika kifua.

Ndipo Ami akauliza, taratibu kama mtoto: "Na ile pasi ya fainali?"

"Ya Alphonce. Kuli wa bandarini. Miye nilikuwa nimeanguka."

"Wa bara?"

"Wa bara."

Miaka yote hii Ami anawatukana watu wa magazeti ya Dar kwa upendeleo. Ningetegemea Sufian aruke juu. Badala yake nikamsikia anasema, kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, na mimi huyo Kompyuta nimemuona kwenye video za mabao tu. Mechi nzima sijawahi kuangalia." Ee Mungu. Hakulazimishwa na mtu! Nikampenda upya, pale pale, na harufu ya mafuta ya sambusa.

Ami akasema, "Kumbe."

Kiti kikasogezwa. Nikadhani anainuka kuwafungulia mlango watoke, ndipo nikakaa hapa kwenye ndoo na kuchukua kalamu.

Lakini anasema hivi sasa: amesikiliza watangazaji tangu yuko mtoto, amechoka. Sifa za mshenga hazitaki. Za kijana mwenyewe hazitaki. "Yupo mtu mmoja nyumba hii aliyemuona huyu kwa macho yake, Shahe, Xintang, akiwa na jasho, akiwa na njaa. Muzdalifa! Njoo hapa umtangaze. Na mabaya yake yote, usiruke hata moja."

Amejua siku zote! Siku ile nilipoangalia mchicha, alikuwa anajua!

Bi Mwanakhamis amenidaka mkono. Mwali hasemi. Mwali akiulizwa ananyamaza, na kunyamaza ndiyo kukubali kwake — ndivyo walivyoolewa yeye, mama yangu na bibi zetu wote. Ninyamaze tu, atakwenda kusema yeye nimenyamaza.

"Kimya sikitaki!" Ami kasikia. "Nataka kusikia mchezo!"

Nina mabaya yake, ninayo mengi. Mbishi. Anachelewa. Akila pilau anaongea. Anamsingizia mama yake ugonjwa kwa ajili ya blauzi. Lakini kila nikilipanga baya moja linatoka limependeza, nacheka peke yangu, hata ubishi wake unageuka msimamo. Mimi huyu ndiye wa kuaminiwa? Shemeji wa redio alikuwa na haya kuliko mimi!

Ananiita mara ya pili. Mzee Zubeir naye kasema, "Njoo, mwanangu, sema ulichokiona." Sufian anakohoa, safari hii kikohozi cha kweli.

Bi Mwanakhamis ameniachia mkono. Ananifunga mtandio, ananinong'oneza nianze na lile la kuchelewa, ndilo jepesi. Hapana. Nitaanza na lile la kumsingizia mama yake ugonjwa, ndilo zito kuliko yote. Naweka kalamu, naingia.